Kinywa cha Kuazima

Kabla familia ya Tata Ntambwe haijafukuzwa, kila Jumapili baada ya misa, nusu ya mtaa wa Musonoi, mjini Kolwezi, ilikuwa inahamia sebuleni kwake kumtazama Madame Irène kwenye televisheni.

Televisheni ile, pamoja na mashine ya video na sanduku la kaseti, Ntambwe aliachiwa na mhandisi Mbelgiji aliyekimbia baada ya uporaji wa askari wa mwaka wa tisini na moja. Alikuwa karani wake kwa miaka mingi. Mhandisi alipanda ndege na begi moja, karani akabaki na mchezo mzima wa Madame Irène, kaseti zimepangwa kwa namba. Na kwa kuwa Ntambwe alikuwa mtu wa utaratibu, akatoa sheria: kaseti moja kwa Jumapili, hakuna kuruka, hakuna kuchungulia ya mbele, hata kwa mwenye nyumba.

"Mutu anayekula mbegu," alisema, "asilie juu ya shamba."

Madame Irène alikuwa mjane mwenye ofisi ndogo ya upelelezi katika mji wa bandari ambako mvua haikatiki. Msaidizi wake, Bwana Firmin, zamani alifanya mazingaombwe kwenye sarakasi, na alijua kufungua kila kufuli isipokuwa mdomo wake mwenyewe. Watu wa mji ule waliibiwa mikufu, farasi, hata sanamu ya mtakatifu kanisani. Wale wawili walitafuta huku wakigombana njia nzima, nani amesahau ufunguo, nani ameshika mwavuli vibaya, na mwishoni kitu kilipatikana. Ndipo Firmin alipomsindikiza Madame hadi mlangoni kwake, wamebanana chini ya mwavuli mmoja, akavuta pumzi, akafungua kinywa kusema lile neno. Na simu ikalia ndani. Kila mara.

"Sema, bwana! Sema!" sebule nzima ilipiga kelele. Siku moja Mama Valérie, jirani wa ukuta kwa ukuta, alivua kandambili akamrushia Firmin usoni, kioo kikaponea chupuchupu.

Mchezo ulikuwa wa Kifaransa, na akina mama wengi hawakukielewa. Hivyo ikazaliwa desturi ya wageuzaji. Mianda, binti wa Ntambwe, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa kwenye kigoda kushoto kwa televisheni akageuza maneno ya Madame kwa Kiswahili. Mwenze, kijana aliyelelewa kwa Mama Valérie na mume wake Kalumba, alikaa kulia akageuza ya Firmin. Hawakugeuza tu. Walimhamishia Madame Irène Musonoi, mpaka akawa anamwambia Firmin kwamba kichwa chake ni kigumu kama bukari ya juzi, ugali uliolala, naye Firmin akajibu kwamba bukari ya juzi ndiyo inayomshibisha mwenye njaa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ni rahisi kusema ulikuwa upuuzi wa Wazungu. Lakini ilikuwa miaka ambayo mshahara wa kampuni ya mgodi ulichelewa, kisha ukasimama, unga wa mwezi ukakoma kugawiwa, na mashine za mgodi zikanyamaza moja baada ya nyingine. Katika mchezo ule, kilichoibwa kilirudi kwa mwenyewe. Na wale wawili waligombana kwa raha ya watu walio na hakika ya kesho.

Tena, kila mtu aliona jinsi Mwenze alivyomtazama Mianda kabla ya kugeuza sentensi tamu. "Sema, bwana!" ilielekezwa kwenye kioo, lakini macho ya akina mama yaligeuka kulia, kwenye kile kigoda. Mwenze alitabasamu tu akanyoosha kola ya shati. Mianda hakuwa na haraka. Kaseti zilikuwa bado nyingi.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu. Vijana walipita mitaani wakiimba kwamba watu wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali, ni bilulu, wadudu wanaokula shamba la wengine. Babu yake Mianda aliletwa kutoka kule na kampuni kuchimba shaba kabla hata baba yake hajazaliwa. Kasai yenyewe Mianda aliijua kwa nyimbo za bibi yake tu. Hayo hakuna aliyeuliza. Asubuhi moja nyumba yao ilizungukwa, wakaambiwa watoke na walichoweza kubeba kichwani. Mama yake, Mushiya, alitoka na sufuria na godoro. Baba yake alitoka na koti lake la misa na Biblia. Mianda alitoka na sanduku la nguo, na alipogeuka alimwona Mwenze amesimama kwenye ua wao, mikono imening'inia kama nguo kwenye kamba. Hakuwa pamoja na waliokuwa wakipiga kelele. Hakuwa mahali popote.

Katika sanduku la mhandisi ilikuwa imebaki kaseti moja ambayo haijatazamwa.

*

Kwenye stesheni ya Kolwezi watu walilala kila palipo na kipande cha ardhi, chini ya mabati, chini ya matandiko, chini ya mvua. Treni ya Kasai ilikuja ilipotaka. Ilipokuja, wenye nguvu walipanda hadi juu ya mabehewa, na wazee na wenye watoto wakabaki kuisikiliza ikiondoka. Watoto waliharisha. Nyuma ya reli kulikuwa na kipande cha udongo uliochimbuliwa ambacho hakuna mama aliyetaka kukitazama.

Mianda alijua anachokingoja, na haikuwa treni. Kulikuwa na jirani yao mmoja, Dodo, aliyekuwa na mke wa asili ya Kasai. Alikuwa amekataa kumtoa, na mwanamke yule alikuwa bado ndani kwake. Vijana waliezua bati zake kwa sababu hiyo, lakini walikuwa wawili chini ya anga moja. Mwenze angekuja na mtu mzima, akasema neno la posa mbele ya baba yake kama inavyopasa, basi Mianda angechagua: kubaki naye, au kwenda naye. Bila neno hilo hakuwa na la kuchagua. Alikuwa mzigo kama mizigo mingine, unaongoja behewa.

Mama yake alijua. Baba yake pia alijua, ingawa alijifanya anasoma Zaburi.

Jumapili moja, kabla ya adhuhuri, Mushiya alisimama ghafla akakinga macho kwa kiganja.

"Ntambwe," alisema polepole. "Angalia kule."

Katikati ya watu na vifurushi alikuwa anakuja Mama Valérie. Alikuwa amevaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, na kichwani alikuwa na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Nyuma yake, hatua kadhaa, kichwa chini, alikuja Mwenze katika shati lililopigwa pasi.

Beseni la unga lenye kitambaa cheupe, mama mzima mbele, kijana nyuma: hakuna mtu wa Musonoi ambaye angehitaji kuelezwa kwamba hiyo ni posa. Ntambwe aliweka Biblia chini. Alifungua kifurushi, akatoa koti lake la misa lililokunjamana, akalivaa juu ya shati chafu, akafunga vifungo vyote. Kwa kuwa baba hazungumzi mwenyewe siku kama hiyo, alimwita mdogo wake, Badibanga, aliyekuwa amelala juu ya godoro na homa.

"Amuka. Uko na kazi ya kinywa."

Badibanga alikaa, akawaona wageni, akajipangusa uso. Mushiya alitandika kikwembe safi juu ya udongo. Majirani wa stesheni walisogeza masufuria yao kutoa nafasi, na habari ikaruka kutoka godoro hadi godoro. Mianda alijificha nyuma ya mgongo wa mama yake, kama inavyopasa. Kwa mara ya kwanza tangu waje pale alikumbuka kwamba hajachana nywele.

Mama Valérie alipiga magoti, akaweka beseni. Mwenze hakukaa.

"Wenye nyumba, jambo yenu," alisema Mama Valérie, kisha akatazama pande zote, kwa sababu hapakuwa na nyumba.

"Jambo, mama. Tunasikia," alijibu Badibanga, sauti yake ya homa ikijitahidi kuwa nzito. "Mutu habebi unga mu jua bure. Ni neno gani linawaleta?"

"Ndiyo, njo vile, tata. Tunakuya kumuomba Mianda."

Mushiya hakungoja. Kigelegele kilimtoka kama ndege aliyefunguliwa tundu, na wanawake wa pembeni wakakipokea, kikasafiri kando ya reli mpaka kwenye bomba la maji. Watu wasiojua chochote walipiga makofi. Bibi kizee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu azike mjukuu alisimama akatikisa mabega.

Mama Valérie aliinua mikono yote miwili. "Hapana! Bamama, hapana, mungoje..." Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Ni ya leo tu. Ni juu ya kaseti."

Kigelegele kilikatika upande huu, lakini kule kwenye bomba kiliendelea kidogo, kisha nacho kikafa.

"Kaseti gani?" aliuliza Badibanga.

"Ya mwisho. Jumapili ile tulipotoa ingine ya zamani tuangalie tena, Agnès alijaribu kugeuza Madame, yule mutoto wa kaka yangu. Anageuza kama mutu anasoma bei ya chumvi. Batu balitoka. Njo bakasema ya mwisho isiguswe, Mianda eko hapa karibu, habayaenda bado." Alisogeza beseni mbele. "Unga ni yenu. Unga mi nilileta mwenyewe, juu ya njaa. Kitambaa ni juu ya vumbi tu. Mi sikufikiri."

Na kweli hakufikiri. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ulikuwa na haraka.

Badibanga alicheka, kicheko kibaya chenye kikohozi ndani yake. "Mulichukua nyumba. Mulichukua bitanda, kuku, televizyo. Sasa munakuya kuazima kinywa?"

Mianda alitoka nyuma ya mama yake. Alimtazama Mwenze, na Mwenze alitazama viatu vyake, vilivyopakwa rangi.

"We pia unakuya juu ya kaseti?" alimuuliza.

"Balinituma," alisema Mwenze.

Ntambwe alikuwa bado amekaa wima ndani ya koti lake. "Mwanangu," alisema, "hakuna mutu wa kukulazimisha. Hakuna wa kukukataza."

Mianda alifikiri. Katika kaseti ya mwisho, ni lazima Firmin aseme; mchezo wowote hauwezi kwisha bila hilo. Na Firmin akisema, mgeuzaji wake atasema, kwa sauti, mbele ya watu wazima wa mtaa wote. Neno lililosemwa mbele ya watu si upepo. Mwenze akitaka, atakuwa na mahali pa kulisemea. Asipotaka, basi.

"Nitaenda," alisema. "Lakini Firmin atageuzwa na Mwenze. Hakuna mwingine."

"Ni mi," alisema Mwenze haraka, na kwa mara ya kwanza akainua macho.

"Na treni ikikuya?" aliuliza Mushiya.

"Ikikuya, mupande. Nitafuata."

Wote walijua kwamba hiyo si kweli.

*

Mama Valérie alimshika mkono njia nzima, kwa nguvu, ili asitukanwe. Mlango wa nyumba ya Ntambwe ulikuwa umeandikwa jina la Kalumba kwa chokaa.

"Karibu, karibu!" walisema watu sebuleni. "Mianda! Ulikonda, mama. Habari ya kule?" Waliuliza kama wanaomuuliza mtu aliyetoka hospitali, na wengine waliangalia pembeni baada ya kuuliza. Ukutani pale palipokuwa na picha ya komunyo yake palibaki mraba mweupe. Kalumba alikuwa kwenye kiti cha Ntambwe. Alikuwa mtu mzima aliyenyamaza sana, na vijana wa mtaa walimsikiliza kwa sababu hiyo.

"Mambo ya politiki ibaki inje," alisema bila kumtazama. "Leo ni televizyo."

Kigoda cha Mianda kilikuwa palepale kushoto. Alikaa. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwepo siku hiyo, na muziki wa Madame Irène ulipoanza, mwili wake ulisahau. Hilo alilishangaa baadaye. Alisikia sauti yake ikipanda, ikibeza, ikimwita Firmin mtoto wa kambo wa akili, na sebule ikicheka kicheko kilekile. Kengele ya kanisa ilikuwa imeibwa na meya mwenyewe, aliyeificha nyumbani kwake chini ya blanketi. Madame alipolifunua blanketi, Kalumba alipiga goti kwa kiganja.

"Mwizi! Nilisema ni yeye!"

Watu walishangilia. Mwenze naye alikuwa hodari kuliko siku zote. Walirushiana maneno juu ya vichwa vya watu kama watoto wanaorushiana mpira, na kwa muda Mianda aliamini.

Kisha mvua, mlango, mwavuli mmoja. Madame ana tikiti mkononi. Meli inaondoka asubuhi, ofisi imeuzwa. Firmin anavuta pumzi.

"Sema, bwana! Sema!"

Walingoja simu. Simu haikulia. Firmin akasema, kwa Kifaransa chepesi ambacho Mianda angeweza kuwafundisha watoto wa darasa la nne, kwamba anampenda, kwamba asiende, na kwamba akienda, ataenda naye, hata akibeba mizigo tu.

Katika sebule ile yenye kelele, watu wawili tu, wale wa vigodani karibu na kioo, walielewa kila neno.

Mwenze alifungua kinywa. Kalumba alikuwa ameacha kutazama kioo. Alimtazama mtoto aliyemlea, bila hasira, kama mtu anayetazama iwapo mvua itanyesha.

"Anasema nini?" walipiga kelele akina mama. "Geuza!"

"Anasema..." Mwenze alikohoa. "Anasema, safari njema. Anasema bahari ni mubaya. Aangalie."

"Aaah," ilipumua sebule.

Ilikuwa zamu ya Madame. Madame, huku analia na kucheka, alikuwa anasema kwamba alidhani hatalisikia neno hilo kamwe. Mianda aliona kwamba angeweza kugeuza hilo, neno kwa neno, na wote wangegeuka kumuuliza Mwenze ni neno gani. Alimtazama. Jasho lilikuwa limelowesha ile kola iliyopigwa pasi. Alikumbuka bati za Dodo.

"Anasema, asante," aligeuza. "Mubaki muzuri."

Kwenye kioo, mwavuli ulianguka, na wale wawili wakakumbatiana na kupeana midomo muda mrefu, mvua ikiwanyeshea.

"Eh!" alisema Mama Valérie. "Safari njema tu, njo banashikana vile?"

"Bazungu," alisema Mianda, "banaaganaka vile."

Vicheko vilitikisa madirisha. Halafu wakapiga makofi kwa muda mrefu, na mama mmoja akafuta macho, akasema kwamba ndiyo maisha, watu wanaagana.

*

Mwenze alimsindikiza mpaka reli inapokatiza barabara. Upande wa pili kulikuwa na askari, na moshi wa majiko ya stesheni.

"Tata Kalumba alikuwa ananiangalia," alisema.

"Nilimuona."

"Uliona bya Dodo. Mi siko na nyumba hata ya kuezua, Mianda. Ningesema, usiku ungekuwa namna gani?"

"Siyui."

"Na we hukusema kitu. Ungeweza kusema."

"Ilikuwa zamu yako," alisema Mianda.

Alisema bila ukali. Hakujua, na hata leo si rahisi kujua, kama mtu mwenye kuogopa moto anastahili kulaumiwa na yule ambaye moto umekwisha kumwunguza. Mwenze aliingiza mkono chini ya shati, akatoa kaseti.

"Niliitoa ku mashine. Chukua. Ni yenu."

Mianda aliishika. Ilikuwa bado na joto, na mgongoni mwandiko wa baba yake: ya mwisho. Akamrudishia.

"Iregeshe. Bakikosa kaseti, batasema ni bilulu baliiba."

Akavuka reli. Hakugeuka, kwa sababu alijua atamwona amesimama vilevile, mikono imening'inia.

Treni haikuwa imekuja. Kwenye godoro lao wanawake walikuwa wamekusanyika, wale wa Musonoi waliokuwa wakija Jumapili, na wengine waliosimuliwa tu. Walikuwa wamengoja mchana kutwa.

"Njo aje?" waliuliza kabla hajakaa. "Alisema? Firmin alisema?"

Mianda alikaa chini. Aliwageuzia yote kwa uaminifu, kengele, meya, blanketi, tikiti ya meli. Alipofika mlangoni kwa Madame hapakuwa na mgeuzaji upande wake wa kulia, basi akageuza wote wawili: kwamba anampenda, kwamba asiende, kwamba akienda ataenda naye, hata akibeba mizigo tu. Akina mama walishika vifua. Mushiya peke yake hakushangilia. Alikuwa anamsoma mtoto wake usoni.

Ntambwe alikuwa amekaa mahali pake, ndani ya koti, vifungo vyote vimefungwa, kama walivyomwacha. Jua lote la mchana lilimpitia hivyo, na udongo wa shingo yake ulikuwa umechorwa mistari ya jasho. Alitazama kule alikotoka Mianda. Aliendelea kutazama mpaka watu wa mwisho waliokuwa wanavuka reli wakawa wamepita, na hapakuwa na mwingine.

Ndipo akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Akalivua koti, akalikung'uta vumbi, akalikunja mikono ndani, akalirudisha ndani ya kifurushi chini ya Biblia.

"Mama," alimwambia binti yake, "ule. Kuna unga."